Willie, Kris au Prine: uanze na demo za nani?

Mjomba wangu wa Nakuru alipostaafu hakuomba mbuzi wala koti. "Nitafutie kantri ambayo sijawahi kuisikia," aliniambia kwenye simu, akakata kabla sijauliza swali. Anayemjua mjomba anajua uzito wa kazi hiyo. Jim Reeves kwake ni kama jirani. Don Williams alikuwa akiimba redioni nyumbani kwao kabla mimi sijazaliwa, na Kenny Rogers akianza tu, mjomba humtangulia kwenye kiitikio. Jioni, Sundowner ya KBC ikiwa hewani, hakuna anayeigusa redio yake. Sasa mtu wa namna hiyo umpelekee nini?

Nikaamua kumpelekea watunzi anaowajua nusunusu, na nyimbo zao kabla hazijavalishwa suti. Yaani demo. Zamani pale Nashville, mji wa kantri kule Marekani, mtunzi asiye na jina aliuza wimbo hivi: aliingia studio akaurekodi harakaharaka, mara nyingi kwa gitaa lake tu, mara nyingine na wapigaji waliokodiwa kwa saa chache, kisha kanda ikapelekwa kwa mwimbaji mwenye jina asikilize kama unamfaa. Akiuchukua, mtunzi anapata chake. Akiukataa, kanda inarudi kabatini. Hakuna aliyewaza kwamba miaka arobaini baadaye kuna watu wangetoa pesa kuisikia kanda yenyewe.

Mikusanyo ya kanda hizo imekuwa mingi, ila mitatu ndiyo ninayoirudiarudia. Wa kwanza ni *Crazy: The Demo Sessions* wa Willie Nelson, uliotolewa na Sugar Hill mwaka 2003, ukiwa na demo alizorekodi kati ya 1960 na 1966. Wa pili ni *Please Don't Tell Me How the Story Ends* wa Kris Kristofferson, nyimbo 16 za kati ya 1968 na 1972, uliotolewa na Light in the Attic mwaka 2010. Wa tatu ni *The Singing Mailman Delivers* wa John Prine, CD mbili zilizotolewa na lebo yake mwenyewe, Oh Boy, mwaka 2011, zote zikiwa za mwaka mmoja tu, 1970.

Niliibeba yote mitatu hadi Nakuru Ijumaa moja, nikiwa na nia ya kumwachia mmoja.

Wimbo wa kwanza haujafika katikati, mjomba akauliza, "Huyu anamwimbia nani?"

Nikadhani anamuulizia mwanamke wa kwenye wimbo. Sivyo. Alikuwa akiuliza ni nani aliyekaa mle chumbani wakati jamaa anaimba. Redioni, alinieleza, mtu huimbia dunia nzima, na sauti inajua hivyo. Huyu sauti yake ilikuwa inamtazama mtu. Swali hilo limenisaidia kuitofautisha mikusanyo hii kuliko uhakiki wowote niliowahi kuusoma, kwa hiyo nitalitumia hapa bila kumlipa.

Willie anamwimbia mwimbaji mwingine

Willie aliingia Nashville mwaka 1960 akitokea Texas, tayari akiwa ameuza nyimbo mbili kwa bei ya kutupa: "Family Bible" kwa dola 50 na "Night Life" kwa dola 150. Kuuza kwa maana ya kuuza kabisa, jina na vyote. Aliyemwokoa ni mtunzi mwenzake, Hank Cochran, aliyempeleka Pamper Music, kampuni ya haki za nyimbo iliyokuwa Goodlettsville, nje kidogo ya Nashville. Cochran alikuwa aongezewe dola 50 kwa wiki. Akakubali nyongeza hiyo iende kumwajiri Willie. Hivyo ndivyo alivyopata mshahara wa kutunga.

Demo hizi ndizo kazi ya mshahara huo, na ukizisikiliza kwa kujua hilo zinabadilika. Huyu ni fundi anayemwonyesha mteja kiti: keti, jaribu, tazama mguu wake ulivyo. Anaowaimbia ni kina Faron Young, aliyechukua "Hello Walls" mwaka 1961, na Patsy Cline, aliyechukua "Crazy" mwaka huohuo. Kwa hiyo hapambi. Hakuna wimbo unaokaa sana. Anakuja, anauweka mezani, anaondoka.

Mkusanyo unafunguliwa na "Opportunity to Cry", Willie na gitaa tu, na hapo ndipo mjomba alipokiweka kikombe chini. Mwanamume amemsubiri mpenzi wake hadi jua limechomoza, hakuja, na anachokisema ni cha kutisha, lakini sauti haipandi hata kidogo. Gitaa linagonga mapigo yake, naye anaingia kwenye mstari akiwa amechelewa kidogo, halafu analikimbilia gitaa, halafu anachelewa tena. "Huyu hajui kuhesabu," mjomba akasema. Nikamwambia asubiri. Kwenye wimbo wa nne hivi akaacha kulalamika. Kwenye wa sita alikuwa akigonga meza kwa kidole, naye amechelewa vilevile.

Hata Patsy Cline mtindo huo ulimsumbua alipokuwa akijifunza "Crazy". Aliurekodi Agosti 1961, miezi miwili tu baada ya ajali ya gari, mbavu zikiwa bado zinamuuma kiasi cha kushindwa kufikia noti za juu. Bendi ikarekodi, naye akarudi siku nyingine kuweka sauti. Prodyuza Owen Bradley akaunyoosha wimbo, piano ikatiririka, sauti za nyuma zikaujaza. Toleo hilo mjomba analijua kwa moyo. Kusikia demo ya Willie ya wimbo huohuo ni kama kumkuta mkuu wa shule sokoni akiwa na kandambili. Ni yuleyule, ila sasa unaona vidole vya miguu.

Si demo zote zilizo kavu. Nyingine zina bendi kamili, na gitaa la kutelezesha chuma linalia pale nyuma kama kwenye rekodi zozote za kantri za wakati ule. Hizo mjomba alizipenda zaidi. Mimi nilizipenda kidogo zaidi zile kavu, "Permanently Lonely" hasa.

Tahadhari moja, na hii imenigharimu. Demo za Pamper zimetolewa upya mara nyingi mno, na lebo nyingi ndogo, kwa majina na picha tofauti. Niliwahi kununua CD kwa muuzaji mmoja mjini, juu ikiwa na Willie wa ndevu na nywele zilizosukwa. Nyimbo za ndani zilikuwa za miaka ya sitini, enzi anavaa suti na nywele zimenyolewa fupi, na hakuna mahali palipoandikwa mwaka, studio wala mpigaji. Nyumbani nikagundua nyimbo kadhaa nilikuwa nazo tayari. Ukinunua Willie wa zamani, geuza kasha nyuma kwanza. Pasipo na miaka, rudisha.

Kris anawaimbia marafiki

Hapa hali ya hewa inabadilika. Kristofferson hakuwa kijana wa kutoka shambani aliyeokotwa. Alizaliwa Brownsville, Texas, mwaka 1936, akasoma Merton College kule Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akawa kapteni na rubani wa helikopta jeshini. Mwaka 1965 alikuwa apelekwe West Point, chuo cha jeshi la Marekani, kufundisha fasihi ya Kiingereza. Akaacha vyote, akahamia Nashville, akapata kazi ya kufagia na kumwaga majivu ya sigara kwenye studio za Columbia. Mwaka 1966 Bob Dylan alipokuwa mle ndani akirekodi *Blonde on Blonde*, Kris alikuwemo na ufagio wake. Pesa zilipokwisha alirudia urubani, akiwabeba wafanyakazi wa visima vya mafuta kwenye Ghuba ya Meksiko.

Demo za mkusanyo huu ni za wakati Fred Foster wa lebo ya Monument ameshampa mkataba, na nyingi ni za kabla jina halijaenea. Inasimuliwa kwamba Kris alimwambia Foster asimtegemee kwa uimbaji maana sauti yake ni ya chura. Sikiliza "Just the Other Side of Nowhere" humu uamue mwenyewe. Sauti inakwaruza, noti nyingine anazipapasa tu gizani. Ila anaimba kama mtu aliyezungukwa na wenzake wa usiku huo, wanaojua kila jina analolitaja na kila utani. Kwenye "If You Don't Like Hank Williams" anataja wanamuziki mmoja baada ya mwingine, kama MC wa harusi anayeogopa kumsahau shemeji.

Kuna "Me and Bobby McGee" pia. Jina la wimbo lilitoka kwa Foster: alimpa kichwa tu, kutokana na katibu wa ofisi jirani, na Kris akalisikia jina la mwisho vibaya. Roger Miller aliurekodi 1969. Janis Joplin aliurekodi siku chache kabla ya kifo chake Oktoba 1970, na Kris hakujua hadi mwenzake alipokuwa ameshafariki. Mwaka 1971 toleo hilo likashika namba moja Marekani. Mkusanyo unaanza na "Bobby McGee" na kufungwa na "Epitaph (Black and Blue)", wimbo wa msiba huo. Aliyepanga nyimbo hivyo alijua anachokifanya. Ukizisikia hizo mbili mfululizo, bila zile kumi na nne za katikati, unaelewa kwa nini nyingine zinacheka kwa sauti kubwa hivyo.

Sasa lawama. Ukiununua mkusanyo huu ukitarajia "Sunday Mornin' Comin' Down", "Help Me Make It Through the Night" au "For the Good Times", utaudhika, hazimo. Mjomba aliudhika. "Umeniletea harusi bila pilau," alisema. Kama huna kabisa albamu yake ya kwanza, ile ya 1970 inayoitwa *Kristofferson*, anza na hiyo. Huu ni wa mtu anayezijua nyimbo kubwa na sasa anataka kujua jamaa alikuwa akifanya nini Jumanne ya kawaida. Wimbo uliotoa jina la mkusanyo, kwa mfano, wengi wanaujua kwa Ronnie Milsap, aliyeufikisha namba moja ya kantri mwaka 1974. Hapa unamsikia mwenyewe akiuimba kama bado hajaamua auachie au abaki nao.

Kwa upande wa kifurushi, huu unawashinda wote. Kijitabu chake kina kurasa 60, na mjomba, ambaye husoma hata karatasi ya kufungia chumvi, alikimaliza usiku uleule kwa miwani ya kuazima.

Prine anaimba akiwa karibu peke yake

Nilimwacha Prine mwisho makusudi. Mjomba hakumjua kwa jina. Nikamwuliza, "Mjomba, 'Love Is on a Roll' ya Don Williams unaikumbuka?" Akanitazama kama nimemuuliza kama anaukumbuka mkono wake. Nikamwambia mmoja wa waliouandika, pamoja na Roger Cook, ndiye huyu tarishi ninayetaka kumsikilizisha. Kuanzia hapo nikapewa kiti kizuri.

John Prine alizaliwa 1946 Maywood, Illinois, kando ya Chicago. Alipotoka jeshini akarudia kazi ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba, na nyimbo nyingi za mwanzo alizitunga akitembea njia ileile kila siku, kazi ambayo miguu huifanya bila kuuliza kichwa. Agosti 1970 aliingia kwenye studio za redio ya WFMT, Chicago, akaziimba moja baada ya nyingine. CD ya kwanza ndiyo hiyo. Ya pili ni ya Novemba mwaka huohuo, mbele ya watu kwenye klabu ndogo iitwayo Fifth Peg. Katikati ya hizo mbili, mwezi Oktoba, mhakiki wa filamu Roger Ebert aliingia Fifth Peg akamsikia, akaandika habari yake gazetini. Ndiyo makala ya kwanza kuwahi kuandikwa kumhusu Prine.

Kwenye CD ya WFMT hamwimbii mtu. Ana miaka 23. Sauti ni nyembamba na ya puani, na mtu aliyezoea ile sauti nzito ya baada ya saratani ya mwaka 1998 anaweza kudhani amepewa CD ya mwingine. Anapiga gitaa kwa vidole, mchezo mmoja karibu nyimbo zote, na anazipitisha kama anayesoma anwani kwenye bahasha. Halafu inakuja "Hello in There", wimbo wa wazee walioachwa na watoto wao, na mtu unashindwa kuelewa kijana wa umri ule alijulia wapi. Jibu mojawapo linajulikana: utotoni aliwahi kusambaza magazeti kwenye nyumba ya wazee.

Mjomba hakusema kitu. Akaomba urudiwe. Akaomba tena. Mara ya tatu shangazi akatoka jikoni na kisu cha sukuma mkononi akauliza kuna nini, nani amekufa.

Kuna pia wimbo ambao baadaye dunia iliujua kama "Sam Stone", habari ya askari aliyerudi kutoka vitani na uraibu mwilini. Wakati huo bado unaitwa kwa jina refu, "Great Society Conflict Veteran's Blues". Nina udhaifu na vitu vya namna hii, wimbo ulionaswa kabla haujapata jina lake.

CD ya klabuni ni mtu mwingine. Kuna watu mbele yake, anajikwaa kwenye maelezo, anachekesha, anasikiliza kama wamecheka. Waliokulia karibu na mugithi watalitambua hilo mara moja: gitaa moja, mtu mmoja, na baa inayoamua kila dakika kama itanyamaza au itaendelea na mazungumzo yake. Hapa wananyamaza.

Na hapa ndipo Prine na Kris wanapokutana. Mwaka 1971 Kris alikuwa Chicago kwa maonyesho, mwimbaji Steve Goodman akimfungulia. Goodman, badala ya kujipigia debe, akamburuta Kris usiku wa manane hadi klabu ya Earl of Old Town akamsikilize rafiki yake. Viti vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza. Prine akaimba mbele ya hao wachache, na muda mfupi baadaye, New York, Kris alimpandisha jukwaani mbele ya Jerry Wexler wa lebo ya Atlantic, aliyempa mkataba. Albamu ya kwanza ikatoka mwaka uleule.

Uchukue upi?

Kama unapenda sauti na mapigo, na wewe ni wa kizazi cha redio, chukua Willie. Unavumilia ule uchelewaji wake kwa nyimbo tatu nne, kisha unakuwa na kitu cha kuweka kila jioni. Ni rahisi pia kwa mtu asiyefuatilia sana Kiingereza, maana huzuni yake iko kwenye kuchelewa kwa sauti.

Kama unasikiliza maneno, Prine, bila kufikiri mara mbili. Lakini usimweke wakati watu wanakula nyama, atapotea. Na kama huwezi gitaa la aina moja kwa muda mrefu, anza na CD ya klabuni.

Kris ni wa pili kwa kila mtu na wa kwanza kwa wachache: wale waliokwishakuwa na albamu zake za mwanzo, wanaopenda kusoma kijitabu, wasiojali sauti iliyochakaa. Alifariki Septemba 2024 kule Hawaii, na tangu siku hiyo nimeona watu wengi wakiukimbilia mkusanyo huu kama njia ya kumwingia. Mlango huo ni wa uani. Unaweza kupita, ila sebule hutaiona.

Utaniuliza kuhusu mtunzi mwingine, Townes Van Zandt, maana Don Williams na Emmylou Harris waliuimba wimbo wake "If I Needed You" mwaka 1981, na hapa kwetu mashabiki wa Don wanaujua. Naye ana mkusanyo wa namna hii, *In the Beginning*, uliotolewa 2003 kutokana na kanda alizorekodi Nashville mwaka 1966, miaka miwili kabla ya albamu yake ya kwanza. Nimeusikiliza mara mbili, tatu. Ni kijana anayejifunza kutembea, na wimbo huo wa Don haumo. Mwenye albamu zake nyingine zote aununue, wengine wasubiri.

Ubora wa sauti usikuogopeshe. Hizi ni kanda za kazi, lakini zilirekodiwa studio na watu waliojua maikrofoni inakwenda wapi. Ile ya klabuni ya Prine tu ndiyo inayohitaji usogee karibu na spika. Ukisikiliza kwenye simu, kitu ambacho haitakupa ni maelezo: nani alipiga, mwaka gani, wimbo ulienda kwa nani baadaye. Kwa demo, hiyo ni nusu ya raha, kwa hiyo ukipata CD yenye kijitabu chake, ongeza pesa kidogo.

Jumapili jioni nikamwambia mjomba achague. Akachagua Willie, kama nilivyokuwa nimebashiri kimoyomoyo. Nikaanza kupakia mingine kwenye mkoba, na nilipofika kwa Prine nikakuta kasha jepesi. Nikafungua: CD ya WFMT haimo. Mjomba alikuwa ameshika gazeti, amelisogeza juu hadi usoni.

"Mjomba, CD moja haionekani."

"Muulize shangazi yako," akasema nyuma ya gazeti. "Mimi nilichagua Willie."